Dawa ya Migomba ya Mzee Kornel

Katika miaka arobaini ya ndoa, Mzee Kornel alimficha mkewe jambo moja tu, na hilo moja lilimtosha.

Migomba yake ilikuwa inaanguka. Upepo kidogo tu, mgomba unalala na mkungu wake, mizizi juu, imeoza. Bwana shamba alipasua mzizi mmoja akawaonyesha. "Ni minyoo, midogo hata haionekani kwa macho. Ng'oeni yote, mpumzishe ardhi, ndipo mpande machipukizi safi." Mektrida, mkewe, alikubali palepale. Kornel moyoni alikataa. Ang'oe migomba inayofunika makaburi ya baba na mama yake, kihamba, shamba la ukoo, kibaki uchi kama uwanja wa mpira? Thubutu!

Akashuka Moshi mjini, dukani kwa Nikunj, akanunua dawa ya minyoo ya chengachenga. Nikunj si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alirudia mara tatu: "Mzee, hii ni sumu. Miezi mitatu ndizi msile, na ng'ombe asionje jani wala shina." Jumapili, Mektrida alipokwenda misa, Kornel akajifanya anaumwa, akaifukia dawa kwenye kila mgomba.

Kumwambia mkewe kungekuwa kukiri kwamba alimzunguka, na kiburi hakikumruhusu. Mikungu akasema bado haijakomaa. Majani ya ng'ombe akawa anayakata mwenyewe mtoni kila asubuhi, mzee mzima na mgongo wake mbovu. Mektrida alifurahi, masikini, akadhani mume amekumbuka mapenzi ya ujana.

Wiki ya tatu Kornel aliondoka alfajiri kwenda msibani Holili. Aliporudi alasiri alikuta watu wamejaa bandani. Pasaka, ng'ombe wao mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa chini, anatokwa na mapovu, miguu inatetemeka. Kando yake kulikuwa na mabaki ya shina la mgomba lililokatwakatwa. Upepo wa usiku ulikuwa umeangusha mmoja, na Mektrida hakuwa mtu wa kuacha chakula cha ng'ombe kipotee.

Jirani yao Primus alishanoa kisu. Huku mlimani ng'ombe haachwi afe kibudu. Huwahiwa, na kila jamaa akapata sehemu yake.

"Mzee, toa ruhusa tumchinje angali hai."

Kornel alitamani kusema ni ugonjwa tu, wamzike, yaishe. Aibu ilimchoma. Akamtazama mkewe, uongo ukamshinda.

"Msimguse. Amekula sumu. Niliiweka mimi kwenye migomba, na sikumwambia mtu."

Primus akarudisha kisu kwenye ala. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kuaga.

Kornel alisubiri matusi. Angeyapokea yote, tena kwa shukrani. Lakini Mektrida alikuwa ameketi chini, kichwa cha Pasaka mapajani.

"Asubuhi alikataa," alimwambia mumewe taratibu. "Alinusa, akageuza uso. Nikadhani ni deko la mimba. Nikalinyunyizia shina chumvi, Baba Fabian. Nikambembeleza, kipande kwa kipande, mpaka akamaliza."

Kornel akapiga magoti, akanyoosha mkono amshike bega. Mektrida akauondoa bila hasira, akaendelea kumfuta ng'ombe mapovu kwa kanga yake.