Mistari ya Saa Nane Usiku

Mimi nina ugonjwa wa kuchungulia. Mama alinikanya tangu utotoni, na mwaka 2003 nikapata mshahara kwa ugonjwa huohuo. Alpesh, tajiri wa maduka manne ya vipuri vya magari, alikuwa amefunga kompyuta kila duka, maana soko huria lilishakolea na kila mfanyabiashara wa Kariakoo alitaka kuonekana wa kisasa. Kompyuta huandika kila inachofanya, mstari kwa mstari, pamoja na saa. Nikaiagiza mashine ya ofisini ipigie maduka yote kila siku kwa laini ya simu, ivute mistari hiyo na kuipanga kwenye skrini moja mbele yangu. Nakunywa chai huku najua nani kafungua Ilala, kompyuta ya ghala imewashwa lini na printa ya nani imekwama. Nilijiona najua mambo ya watu kuliko wenyewe.

Duka la mtaa wa Gerezani ndilo lililonipa raha zaidi, kwa sababu halikueleweka. Kwa mujibu wa mistari yake lilifungwa saa tano asubuhi. Halafu kulikuwa na mstari mwingine, kila siku: 02:10, msimamizi, faili limefutwa. Saa nane na dakika kumi usiku. Na kilichofutwa ni maagizo ya wateja wa mikoani, ambayo mzee Gaudens, mtunza duka, aliyaandika kila jioni kwa kidole kimoja.

Nenosiri la msimamizi tulilijua wawili tu, mimi na yeye. Usiku mimi nimelala Ilala, yeye analala chumba cha nyuma ya duka. Alpesh alipoona skrini hakuuliza mengi. Alisema mzee anawauzia washindani maagizo, kisha anafuta ushahidi, na kwamba barua ya kumwachisha kazi ingetoka Ijumaa. Miaka kumi na tisa ya kazi. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo, lakini udadisi ulinizidi huruma. Nilitaka kujua anafanyaje.

Alhamisi asubuhi nikaenda Gerezani bila kuaga ofisini. Mzee ndiyo kwanza anafungua milango. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniuliza nimefuata nini, akaniwekea kigoda kando ya meza. Akawasha kompyuta. Betri ya ndani ilishakufa, hivyo kila asubuhi mashine ilianza kwa kuuliza saa. Mzee akatoa kichwa dirishani, akamuuliza muuza kahawa saa ngapi, akajibiwa saa mbili kamili. Akarudi akaandika: 02:00.

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Kumbe mzee alikuwa anaijibu mashine kwa Kiswahili. Nikaanza kuongeza saa sita kwenye kila mstari niliokuwa nimeukariri, na Gerezani yote ikanyooka: kufunga kwake saa tano asubuhi kukawa saa kumi na moja jioni, kama duka lolote. Hakukuwa na mtu yeyote wa usiku wa manane. Aliyefuta maagizo alifuta asubuhi, saa mbili na dakika kumi.

Zilikuwa zimebaki dakika sita.

Nilimwomba afungue maagizo ya jana. Yalikuwepo, kumi na manne. Tukakaa tunayaangalia, yeye mikono mapajani. Ilipofika 02:10 modemu, kile kisanduku cha laini ya simu, ikalia, taa yake ikawaka, na maagizo yakaondoka mbele yetu, hakuna aliyegusa kitu.

Aliyekuwa anapiga ni mashine yangu. Diski ya Gerezani ilikuwa ndogo, hivyo wiki tatu nyuma, kwa jina la msimamizi, niliiongezea mashine yangu amri: ikishavuta mistari, isafishe huko folda ya muda, ya vitu vya kutupwa. Mzee alikuwa anahifadhi maagizo yake humohumo. Mimi ninayechungulia kila kitu, hilo sikulichungulia.

Mzee alinielekezea kidole kwenye ile saa. Aliona nilivyoicheka, na alishasikia habari za barua.

"Kwa hiyo ni kosa langu, mwanangu," alisema. "Nimeiharibu saa."

Hakuwa ananiuliza. Alikuwa ameshalikubali, na ningenyamaza tu lingekuwa lake. Alpesh asingeweza kusoma mistari ile bila mimi. Nawaambia ukweli, nililipima wazo hilo, na sitalisahau.

"Saa ndiyo yako, mzee," nikasema. "Anayefuta ni mimi."

Nikainua simu ya mezani nikampigia Alpesh. Alipopokea nikamwambia barua ile asiitupe, abadilishe jina tu. Mzee aliingiza mkono akabonyeza kitufe, simu ikakatika kabla bosi hajajibu.

"Kaa kwanza," alisema, akivuta karatasi. "Kumi na manne yote ninayo kichwani. Andika wewe, una vidole vingi."