Albamu ya Nimo Kabla Gari Halijaja

Ubah, mjukuu mkubwa wa Darmi, aliolewa Tarasaa, na albamu yake ya harusi ilipomfikia, mtoto wake alikuwa ameshaota meno, akaing'ata pembeni. Kwa hiyo Darmi aliposikia mjukuu wake Nimo anataka albamu yake iwe mkononi kabla gari halijaja Jumapili kumpeleka kwa mumewe Garissa, alitikisa kichwa tu. Huko Garissa Nimo hakumjua mtu ila huyo mume.

"Nyanya, nikishikwa na upweke nitatazama nini?" Nimo alisema.

Mpiga picha alikuwa yuleyule wa Ubah, Muna binti Kassim, mwenye duka la picha karibu na steji ya Garsen. Alikuja nyumbani wiki nzima kabla ya harusi, tena bila kamera.

"Nyanya, iliyochelewesha albamu ya Ubah si mashine, ni midomo. Huyu anataka picha yake iwe kubwa, yule anauliza mbona watu wa bwana harusi wametangulia. Napanga, napangua. Safari hii nataka mdomo mmoja."

"Mdomo mmoja, kwenye nyumba hii?" Fahima, shangazi yake Nimo, akacheka. "Umekosea mlango, binti."

Wakamchagua Darmi, maana hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Muna akatandaza mkekani kurasa tupu, zimekatwa kwa kipimo cha albamu. Wakapanga taratibu: hapa wazee wakifunga nikaha, hapa ng'ombe wa mahari, hapa Nimo na mamake, hapa wanawake wakiimba. Kila shangazi akapewa mahali pake.

"Siku yenyewe nitajua ninawinda nini," Muna alisema.

Darmi alilipenda neno hilo. Mchungaji mzuri hangoji ng'ombe wafike ndipo ajenge zizi.

Harusi ikawa Alhamisi. Darmi alikuwa amezoea wapiga picha wanaolipuka kama bisi, huku na huku. Muna alipiga, akashusha kamera, akangoja. Ijumaa asubuhi kurasa zote zilikuwa zimejaa ndani ya kompyuta. Darmi akazipitia, akasema sawa, na Muna akazituma Malindi kuchapwa.

Alasiri hiyohiyo Muna akarudi, akavua viatu mlangoni, akakaa chini.

"Nyanya, nimekosea."

Wanawake walipoimba, ua lilifungwa. Vichwa vilikuwa wazi, nywele zinang'aa samli, Fahima mwenyewe akiruka kama ndama. Kurasa hizo Muna alizituma pamoja na nyingine zote, na mwenye mashine kule Malindi ni Randu, mwanamume.

"Nimempigia kabla hajazifungua," Muna alisema. "Amezifuta nikimwona kwa simu."

"Na mimi nilisema sawa," Darmi akasema. "Nilitazama kurasa, sikutazama mikono zitakayopitia."

"Haya ndiyo mambo ya kupika wali bila kuchagua mchele," Fahima akasema. "Zitolewe hizo kurasa, basi."

Darmi akamtazama Nimo. Bibi harusi alikuwa akisugua vidole vyake vya hina. Kwenye kurasa nyingine zote ameketi kama mgeni. Kwenye hizo za uani ndiko alikocheka.

"Mdomo ni wako, Nyanya," Muna alisema. "Lakini tufanye vitabu viwili. Kikubwa kiende Malindi. Cha wanawake nitakichapa mwenyewe kwa mashine yangu ndogo. Karatasi yake ni nyepesi, haitang'aa vile. Ila hakuna mwanamume atakayekigusa."

"Fanya," Darmi akasema.

Jumamosi Muna alifunga mlango wa duka, Darmi na Fahima wakiwa ndani. Kwa kuwa kila picha ilishapata mahali pake, hapakuwa na kupangua. Uso mmoja ulitoka wa kijani, akauchana, akaurudia, akaurudia tena, bila kununa, mpaka Fahima akasema, "Hapo nimependeza."

Darmi amewaona wanawake wakisuka mikeka ya kuezekea nyumba, isiyopitisha tone la mvua. Mikono ya msichana huyu ilikuwa ya namna hiyo. Hata wakati wa kushona kurasa hakukimbilia mwisho, na Fahima, ambaye kusifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, alimshikia uzi bila kuombwa.

Jumapili albamu kubwa ilifika na basi. Kotile, shemeji yake Darmi, akaifungua mbele ya wazee.

"Hii ni harusi au mnada wa ng'ombe?" akauliza. "Mbona wanawake wachache hivi?"

"Walikuwa jikoni, shemeji," Darmi akamjibu. "Wakipika ulichokula."

Wazee wakacheka, Kotile akafungua ukurasa mwingine. Nimo alikuwa ameshaketi garini, kitabu kidogo kimefungwa ndani ya leso mapajani mwake, na hakukubali mtu yeyote amsaidie kukiweka kwenye sanduku.