Gadenia za Ukingo wa Tarach

Mume wangu Ekal aliendesha lori la maji tangu nimjue, na mgongo ulipomlazimisha kustaafu nilijua kwamba sasa nitakuwa naye nyumbani, hapa Kakuma, tuzeeke tukigombana kwa raha zetu. Haikuwa hivyo. Alirudi kutoka safari yake ya mwisho ya Kitale na vipandikizi vya gadenia, yale maua meupe yanayonukia.

Alivikata kwenye ua wa ofisi fulani huko, akavifunga ndani ya soksi iliyolowa maji. Soksi ilikuwa yangu, ile ya kuvaa kanisani, na hakuniomba. Vingi vilikufa kwa joto karibu na Lokichar, kabla hata hajaiona Lodwar. Vilivyosalia akavipanda katika makopo ya rangi, akaanza kuvilea kwa uangalifu ambao mimi, Awoi, mama wa mtoto wake, sijawahi kuuonja.

Sina ugomvi na maua. Ugomvi wangu ni na maua yenye maringo. Gadenia haitaki maji ya visima vyetu kwa sababu yana magadi. Ukiinywesha hayo, jani linageuka manjano na kubaki na mishipa ya kijani tu. Haitaki jua la mchana. Haitaki upepo, na sisi huku upepo ndio tunaoamka nao. Basi nilikuwa nikimkuta mwanamume mzima ameketi kwenye kigoda, anapangusa vumbi jani moja moja kwa kitambaa chenye unyevu. Maji ya mvua aliyoyakinga kwenye dramu yalikuwa ya gadenia. Yakiisha, alikamulia ndimu kwenye maji ya mfereji ili kuyapunguza magadi, na samaki wangu wakaliwa bila ndimu. Majani ya chai, baada ya kuchujwa, yalikuwa yake pia.

Nilimtania mpaka nikachoka. Kisha Akoru, binti yetu wa pekee anayefanya kazi Lodwar, akachumbiwa, na Ekal akaniambia jambo lililokomesha utani wangu.

"Mama Akoru, huyu mtoto alitambaa nikiwa safarini Loki. Alianza shule nikiwa barabarani. Sina kitu nimempa kwa mkono wangu. Siku ya harusi atashika maua yangu, si ya plastiki."

Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko siku aliponioa, na ndiyo maana yaliyofuata yananiuma hivi.

Uani kwetu mimea ilikataa kutoa maua. Mabati yalirudisha joto, na kila tumba lililochungulia lilikauka kabla halijanenepa. Ekal akaanza kuangalia mtoni. Tarach ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, lakini ukingo wake una migunga mikubwa yenye kivuli kizito, na chini yake majani yaliyooza yamekuwa udongo mweusi, laini, ambao gadenia inaupenda kuliko mbolea yoyote. Tatizo ni kwamba miti ile ina mwenyewe. Kwetu Waturkana miti ya ukingoni ni ekwar, mali ya ukoo, hurithiwa kama mifugo, na hukati tawi wala huokoti maganda ya kulisha mbuzi bila ruhusa. Ekwar ile ni ya Lochakapong, mzee mkali ambaye ametuzidi umri kidogo tu lakini hupenda kutuita watoto, nasi tumwite apa, yaani baba.

Ekal alimwendea na tumbaku, akazungumza naye vizuri, akaruhusiwa. Nilikuwepo. Lochakapong alisema waziwazi, "Kivuli nimekupa. Mizizi sijakupa. Usichimbe hii ukingo."

Ekal aliitikia. Wiki ile ile akachimba.

Nilipomkuta alikuwa amekata ngazi pana kwenye mteremko wa ukingo, akafukia makopo mpaka shingoni ili mizizi ya gadenia ipate ubaridi. Palipomzuia mzizi wa mgunga, aliupiga panga. Mizizi mingine ilikuwa minene kama mkono wangu, na ilining'inia pale hewani, myeupe ilipokatwa. Nikasikia vibaya moyoni. Sikujua kwa nini. Mizizi tu, wala haikuwa yangu.

"Lochakapong alikukataza," nikamwambia.

"Apa Lochakapong anapenda kukataza. Angalia hapa."

Nikaangalia. Kila tawi lilikuwa na tumba la kijani lililojisokota, na katika moja weupe ulikuwa umeanza kuonekana. Ekal alicheka peke yake kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata.

Jumatatu tukaona radi upande wa magharibi, juu ya milima ya mpakani na Uganda. Ilikuwa mbali mno, haikuwa na sauti. Kwetu hakukuwa na hata wingu. Jumanne nilishuka mtoni kuchota maji, na wanawake walikuwa wanacheka kwenye visima vya mchangani. Visima hivyo tunavichimba kwa mikono, na kiangazi kile tulikuwa tukiinama mpaka mtu haonekani. Sasa maji yalikuwa yamepanda. Mwenzangu aliingiza kibuyu bila kupiga magoti, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Nilichota na mimi. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na yalikuwa baridi. Nikajaza mtungi huku nikitazama upande wa juu wa mto. Mto huu ukianza kukupa bila kuombwa, ujue wenyewe uko njiani.

Jumatano wachungaji waliokuwa wamelala ng'ambo walihamisha mbuzi wao kwenda juu, kimya kimya, bila kumwambia mtu sababu. Ndege waliokuwa wakipiga kelele kwenye migunga ya Lochakapong hawakuwepo. Nilimwambia Ekal atoe makopo yake, ayalete nyumbani, hata jikoni kwangu nitampa nafasi.

"Haiwezekani," alisema. "Gadenia yenye matumba haihamishwi. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mwaka uliopita niligeuza kopo moja kidogo tu ili nifagie, na asubuhi matumba yote yalikuwa chini. Hakunisemesha siku nzima.

"Afadhali yaanguke," nikasema.

"Jumamosi, Mama Akoru. Niachie mpaka Jumamosi."

"Na mto nao umeuambia Jumamosi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu, na kwangu mimi hivyo viwili hutoka kwa mlango mmoja, kwa hiyo nilimwita mjinga, nikampa chakula, nikalala nimempa mgongo.

Alhamisi, jua likiwa utosini, Lochakapong alikuja kwetu akihema. Hakusalimu. Mtu wa kwetu asiyesema ejok mlangoni ana jambo zito.

"Mume wako iko wapi?"

"Kwa maua yake."

"Nimeona ile kitu amefanya kwa miti yangu. Lakini hiyo tutaongea kesho. Saa hii mtoe huko."

Tulikwenda tukikimbia. Ekal alikuwa kwenye ngazi yake, akinyunyiza maji kwenye majani kwa chupa aliyoitoboa kifuniko. Mbingu juu yetu ilikuwa safi kabisa. Mchanga wa mto ulimeta kwa jua. Na kutoka mbali, upande wa juu, kulikuwa na mngurumo.

"Baba Akoru, sikiliza!" nikaita kutoka juu.

Akainua kichwa, akasikiliza kwa umakini wa mtu anayeijua kazi yake. Kisha akatabasamu. "Hizo ni lori. Zimebeba mzigo, zinapanda na gia ya kwanza. Msafara wa Loki."

"Lori itatoka wapi huko?" Lochakapong alifoka. "Barabara iko nyuma yetu!"

Niliona uso wa Ekal ukibadilika. Maisha yake yote sauti ile ilikuwa ya mkate wake, na sasa alikuwa anaisikia upya. Akageuka kutazama upande wa juu wa mto. Kwenye kona maji yalikuwa yamekwisha kuingia, ya kahawia, yenye kimo cha ukuta, yamebeba magogo na mbuzi aliyekufa. Wala hayakuonekana kwenda mbio. Yalikuwa yanakuja tu.

Akang'oa kopo la kwanza na kupanda nalo. Alilitua miguuni pangu, akavua akala zake za tairi ili apate kukanyaga vizuri, akanitia simu yake mkononi.

"Nishikie, isilowe."

"Inatosha," nikasema. "Ekal, inatosha. Moja inatosha."

Sikuwa nimewahi kumwita kwa jina lake mbele ya mtu. Alinitazama. Nilimshika shati, kifungo kikakatika.

"Moja haifanyi shada," akasema, na akateremka.

Nilipiga kelele. Nilimwambia kwamba nampenda, kwa lugha yetu, mbele ya Lochakapong na watu waliokuwa wamekuja kutazama maji, na sina haya. Aliinama kwenye kopo la pili. Maji yalikuwa hayajafika hata kwenye magoti yake. Yalikuwa yanapita chini ya ngazi, pale ambapo mizizi ilikatwa, yanalamba udongo ule mweusi laini. Ukingo haukuanguka kwa kishindo. Ulimeguka kama tonge la ugali, na mgunga ukainama taratibu, na ngazi yote ikaondoka ikiwa na makopo yake na mume wangu akiwa amesimama juu yake. Niliona mkono wake umekumbatia mmea. Kisha sikuuona.

Lochakapong alinishika kiunoni, nikamng'ata, hakuniachia. Vijana walikimbia kufuata mto. Kamba ilitupwa, ikarudi tupu, ikatupwa tena. Sauti zao zilizidi kwenda mbali, na baada ya muda nilisikia kwamba walikuwa hawamwiti tena. Walikuwa wanaambiana waangalie kwenye magogo.

Simu iliita mkononi mwangu. Niliipokea kwa sababu iliita.

"Baba, ejok! Tumetoka Lodwar, tuko njiani." Nyuma yake wasichana walikuwa wanaimba. "Baba?"

"Ni mimi."

"Mama! Mbona kelele hivyo, mvua inanyesha huko?"

"Hapana. Ni jua tu."

"Sikia, usimwambie. Nimemnunulia suti, ya bluu, atapendeza vibaya sana. Sasa nataka viatu, kuna duka tumesimama hapa njiani. Baba anavaa namba ngapi?"

Akala zake zilikuwa mbele yangu, zimepangwa pamoja, zimeelekea mtoni.

"Mama? Dereva ananiharakisha. Namba ngapi?"

"Tisa," nikasema.