Gunia Mbele ya Rejeta

Obwocha alilikumbuka gunia walipoufikia mteremko wa Keroka. Lo! Mshale wa joto la injini ulikuwa umeshavuka nyuzi mia mbili na ishirini za Farenhaiti.

Kule Nyansiongo, baridi ya asubuhi hung'ata hata chuma. Dereva hufunika rejeta kwa gunia ili injini ipate joto upesi, kisha hulivua njiani. Kwa miaka minne, tangu Manasseh alipoinunua Landrova ya mzungu aliyehama, Obwocha, dereva wake, hakuwahi kulisahau. Leo mkewe, Nyamusi, alikuwa akilia nyuma kwa uchungu wa kuzaa, naye akalisahau. Akili ya mtu ni moja jamani, ataigawa mara ngapi?

Alisimamisha gari, akashuka, akaling'oa gunia likifuka. "Twende tu, mzee," akamsihi Manasseh aliyeketi mbele. "Hospitali ya Kisii si mbali. Upepo utaipoza injini."

Manasseh alikuwa ameshauchomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa koti lake la kanisani. "Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba injini hutaka mia na themanini. Ikizidi sana, inaharibika. Tutangoja."

"Mke wangu anatokwa na damu."

"Wake hupatikana, Obwocha. Landrova nyingine nitaitoa wapi?"

Maneno hayo yalimchoma hadi mfupani, akageuka kutafuta msaada. Barabarani hapakuwa na gari jingine. Hata kwenda nyuma kumshika mkewe mkono hakuthubutu, kwa kuwa mama mkwe alikuwa humo akimhudumia bintiye, na Mkisii aliyelelewa vyema hatii jicho mahali kama hapo mbele ya mkwewe. Akabaki kuukodolea mshale. Mia mbili na kumi. Mia mbili. Kilio cha nyuma kikawa mguno. Mia na tisini. Mguno nao ukafifia.

"Heshima gani hii!" akafoka, akakimbia kuufungua mlango wa nyuma.

Mama mkwe hakujifunika uso. Alikuwa akimfumba Nyamusi macho kwa kidole gumba, polepole, kwanza moja, kisha la pili. Mtoto hakuwa ametoka.

"Ingia tu, mwanangu," akasema. "Hakuna tena wa kutufanya tuoneane haya."

Manasseh alikuja nyuma yake, akachungulia, akavua kofia. Kisha akautoa ufunguo.

"Imepoa," akasema. "Sasa unaweza kuendesha."

"Asante, mzee," Obwocha akajibu, akaupokea kwa mikono miwili.