Pombe ya Kulimia Shamba la Tarsisi

Mwaka ule malale yalipoingia Ushirombo, yalianza kumchukua Paskalina, binti ya Tarsisi, kisha Tarsisi mwenyewe akaugua. Alikuwa hodari wa jembe. Sasa alisinzia mchana kutwa mlangoni, uji ukimkauka kidevuni. Mvua zilikaribia na shamba halijaguswa. Mkewe, Anisia, akaamua kupika pombe awaite majirani waje kulima, kama walivyozoea.

Hakutaka kitu kiharibike. Aliuloweka ulezi, akauotesha, akauanika na kuusaga mwenyewe. Mitungi aliiosha na kuifukiza moshi. Kuni zilikaa tayari kando ya mafiga, maji yamejaa, na vibuyu vilivyopasuka alikwisha kuvishona.

Asubuhi ya kupika, alipokuwa akiwasha moto, jirani yake Generoza alifika. Hakuja na mwiko kama walivyoagana.

"Mama Paskalina, umekwisha kuwasha?"

"Nakungoja wewe tu. Utakoroga uji, ukipoa mimi nitie kimea."

Generoza alichuchumaa, akautazama moto. "Hakuna atakayekuja kulima. Jana walitangaza barazani kwamba tunahamishwa wote, huku mbung'o wa malale wametushinda. Watu wanafunga mizigo. Hata mume wangu ananingoja."

"Na asiyeweza kutembea?"

"Nitawauliza wanaume," alisema Generoza polepole. "Lakini kila mmoja ana wa kwake wa kubeba."

Akaondoka bila kuaga vizuri. Anisia alifikiri kuuzima moto. Lakini kimea kilikwisha kusagwa, na mgongo aliokuwa nao ulikuwa mmoja, hauwezi kuchukua kimea na mume. Akapika, huenda watakaopita wakinywa wangemsaidia kumbeba. Alikoroga peke yake mpaka mikono ikafa ganzi.

Pombe ilipoiva, njia ilikuwa imejaa watu wenye mikeka na kuku vichwani. Waliingia uani kwake, wakanywa wamesimama, wakaisifu. Anisia aliwaomba wanaume wamchukue Tarsisi. Waliinamisha vichwa, wakarudisha vibuyu, wakaendelea na safari. Generoza alipita upande wa pili wa njia, hakugeuka.

Jioni kulikuwa kimya. Tarsisi alifumbua macho, akasikia harufu ya pombe.

"Wamefikia wapi kulima?"

Anisia alilitazama shamba, magugu matupu hadi bondeni.

"Wamefika bondeni," akasema.

Alimwinua kichwa, akamnywesha kidogo. Tarsisi alitabasamu, akasinzia kabla hajameza, na pombe ikamwagika kifuani.