Kibanja cha Juvenali

Alhamisi asubuhi, Joan alipoweka laptopu yake juu ya meza ya sebuleni, bibi yake Eustakia alikuwa ndiyo kwanza ametoka kupalilia kibanja kisicho na nyumba. Alikuwa akikipalilia hivyo kwa miaka ishirini na mitatu. Kilikuwa kipande kizuri, chini kidogo ya nyumba yake hapo Bukiriro, migomba imekizunguka pande tatu. Mumewe, kabla hajafa, alimshika mkono mtoto wao Juvenali, akamtembeza pembe hadi pembe, akamwambia hapa ndipo utakapojenga. Juvenali akaitikia. Kisha akaenda Biharamulo kutafuta maisha, akaoa binti wa Kisukuma kule Bisibo, akapata ng'ombe. Kila Jumapili hupiga simu, na kila akipiga husema mvua zikiisha anakuja kuanza msingi. Mvua huisha, zikaja nyingine.

Sasa kibanja kilikuwa kimeombwa. Shemeji yake Eustakia, mzee Ndikuriyo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amekuja kwa upole. Alisema mwanawe Anold amepata mchumba na hana pa kumweka, mlima wote umejaa watu. Ukoo ungekutana Jumapili baada ya misa, ila neno la mwisho lilikuwa lake Eustakia. Mzee hakumsukuma. Wakati wa kuondoka aliona kuni zimelowa, akaziingiza jikoni moja moja bila kuambiwa. Hilo ndilo lililomsumbua Eustakia. Mtu mkali ni rahisi kumnyima. Lakini kukitoa kibanja kulikuwa ni kutamka kwa kinywa chake kwamba Juvenali harudi.

Joan alikuwa binti wa huyo Juvenali. Alisoma mambo ya kompyuta chuoni, na likizo hii aliomba aje kwa bibi yake badala ya kwenda Bisibo. Eustakia alimwita mke mwenzangu, akamchinjia kuku, akamwachia kitanda kilicho karibu na dirisha. Lakini mtoto alikuja na kazi. Mwalimu wao alitaka kila mmoja aijenge mwenyewe lugha ya kuandikia programu, kutoka kwenye maandishi yake ya mwanzo, si kuichukua iliyo tayari.

Eustakia aliuliza ni lugha ya watu gani. Joan akamweleza kwamba ni ya kuiambia mashine la kufanya.

"Aa, kama sisi na mbuzi," alisema Eustakia, akaendelea kuchambua maharage.

Alipenda kukaa karibu. Joan alimgeuzia kioo kidogo ili naye aone, ingawa maandishi yale yalipita mbio kama siafu na hakuna aliloweza kusoma. Kazi ile ilichukua mchana mzima, kwa kuwa laptopu ilikuwa kuukuu. Jioni mashine ikakataa. Joan akashika tama. Alieleza kwamba mwanzoni kabisa, kabla ya kujenga, mtu hutakiwa aseme kitu kitawekwa wapi. Yeye hakusema. Na usiposema, mashine huenda kukiweka mahali pa wote, na pale hapaingiliki bila neno la siri la mwenye laptopu, ambaye ni chuo.

"Kwa hiyo ulijenga bila kuonyeshwa kiwanja," alisema Eustakia.

"Ndiyo, bibi."

"Hata kuku hafanyi hivyo."

Ijumaa Joan akaanza upya. Safari hii aliandika mahali: folda yake mwenyewe, ndani ya ile sehemu ya kompyuta inayoitwa nyumba ya mtumiaji, ambako hakuhitaji ruhusa ya mtu. Anold alipita na toroli la mbolea kwa ajili ya migomba ya Eustakia. Hakutaja kibanja. Alimtania tu Joan kwamba msichana mzima anakaa siku mbili anatazama kioo kama anasubiri posa. Joan akamjibu, "Shikamoo, baba mdogo," kwa sauti ya adabu mno, maana Anold alimzidi miaka mitatu tu na jina hilo lilimzeesha. Anold akacheka, akamwaga mbolea, akafagia ile iliyodondoka mlangoni.

Kufika alasiri lugha ikawa imejengeka. Joan aliandika mstari mmoja na mashine ikamjibu. Akaruka, akamkumbatia bibi yake pamoja na ungo.

Jumamosi akaiharibu. Alifanya hivyo kwa kupenda usafi, tabia ambayo Eustakia aliijua ilikotoka. Aliona folda imekaa ovyo, akaihamishia pengine palipopangika vizuri, kwenye kazi zake nyingine. Alipoiita, haikuitika. Kila alichokiuliza ilimwambia haioni vitu vyake.

"Si umeihamisha na vitu vyake vyote?" aliuliza Eustakia.

"Vyote, bibi. Hakuna kilichobaki."

"Sasa haioni nini?"

Joan alifikiri jinsi ya kumwambia. Akasema kwamba pale ilipokuwa inajengwa, jina la mahali lile liliandikwa ndani yake, huku na huku, sehemu ambazo mtu hazioni. Ndiyo maana vitu vyake inavitafuta kule kule. "Siyo mbovu," alisema. "Ni nzima kabisa, ila ni ya pale."

"Na ukitaka iwe ya hapa?"

"Unajenga nyingine. Au unairudisha kwake, unaifuata huko huko." Akairudisha. Akaiita, ikaitika.

Eustakia aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akasimama juu ya kile kibanja. Kilikuwa kisafi, hakina hata jani la gugu. Alimwona Juvenali wa miaka ishirini na miwili akitembezwa na baba yake, viatu mkononi kwa sababu ya umande. Huyo ndiye aliyekuwa akimpalilia. Huyu wa Bisibo, mwenye ng'ombe na watoto wanaosema Kisukuma, hakumjua vizuri. Alijua sauti yake tu. Machozi yalimtoka, akayaacha; hapakuwa na mtu wa kumficha.

Jumapili, baada ya misa, wazee walikaa uani kwa mzee Ndikuriyo. Eustakia hakuwachelewesha. Alisema Anold ajenge, na kwamba yeye mwenyewe atamwonyesha pembe zote nne kama mumewe alivyofanya. Anold alipiga magoti mbele yake, kitu ambacho vijana wa siku hizi wamekiacha, akasema, "Ahsante, mama mkubwa."

Simu ya Juvenali iliita wakiwa wamesharudi nyumbani. Alimwamkia mama yake, akauliza habari za mgongo wake, habari za misa, kama Joan anamsumbua. Kisha akaanza kusema, kama kawaida, kwamba mvua zikiisha.

"Juvenali," alisema Eustakia. "Nyumba yako inatazama wapi?"

"Ipi, mama?"

"Hiyo unayokaa."

Kwa miaka ishirini na mitatu Eustakia hakuwahi kumwuliza neno moja kuhusu nyumba ile.

"Inatazama mashariki," alisema Juvenali, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwenye zizi."

"Ina vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Mtu akishuka Lusahunga, anafikaje?"

Juvenali akaanza kumwelekeza, taratibu, gari gani, kona gani, mto upi. Alirudia mara mbili. Eustakia alimfanyia Joan ishara atafute kalamu aandike, naye akaendelea kusikiliza, macho ameyafumba, akijaribu kuiona njia.