Kisomo Darini

Vumbi la mbao lilidondoka juu ya kofia ya Najib, na moyo wa fundi Randu ukapasuka paa.

Najib, kakake Bi Mwanasaumu mwenye nyumba, hakuhisi kitu. Alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanaume wapatao thelathini, wamezama katika Yasini ya kuhamia nyumba mpya. Juu ya vichwa vyao, kwenye dari ambayo Randu mwenyewe aliipigilia misumari, walikaa wanawake. Aliwaona wakipanda ngazi ya chuma na mabuibui yao na chetezo cha ubani, akaacha kuhesabu walipofika arobaini.

Nyumba hiyo ya Magongo ilikuwa godauni la kahawa, kabla marehemu mumewe Bi Mwanasaumu hajalinunua na kulijaza magunia ya ufuta. Alipofariki, mjane akasema hajengi nyumba nyingine na kuta anazo. Randu akatoboa madirisha, akapiga lipu, akainua dari ya mbao juu ya nusu ya godauni ili bibi apate pa kulala penye upepo. Kazi ilipendeza, hilo hatumnyimi. Watu walikuja hata kutoka Bofu kuipiga picha.

Kosa lilikuja Alhamisi. Bi Mwanasaumu alilalamika kwamba nguzo ya katikati, iliyobeba dari, inamziba macho sebuleni. Fundi mwenye akili angekataa. Randu, apendaye sifa kuliko chakula, aliing'oa siku hiyo hiyo, na muuza vyuma chakavu akaondoka nayo. Boriti ya chuma ya kushika mahali pake ingeletwa Jumatatu. Darini kuna kitanda na kabati tu, alijiambia, kutatokea nini? Siku ya kisomo watu watakaa chini, kwenye saruji. Kanisani kwao waume kwa wake huketi benchi moja, na haikumpitikia kabisa kwamba kwa Bi Mwanasaumu wanawake hukaa mbali na wanaume, na kwamba nyumba ikiwa na dari, ndiko watakakopandishwa. Mzaliwa wa Pwani, mtu mzima mwenye mvi, asilifikirie hilo!

Trela lenye kontena likapita barabarani. Mbao zikalia, na vumbi likamwagika tena.

Apige kelele? Wangekurupuka wote kuikimbilia ngazi, na ngazi ilitokea katikati ya dari, pale pale palipong'olewa nguzo. Zilibaki kurasa mbili tu. Akanyamaza. Aibu ndiyo iliyomfunga mdomo, tusimtafutie sababu nyingine: kesho Magongo nzima ingesema Randu hajui kazi. Akamwomba Mungu, na aya zikasonga polepole mno. Kisha boriti ya mbao ikatoa mlio mfupi, mkavu, na mlio ule hakuna fundi asiyeujua.

Akamwinamia Najib sikioni. "Watoe wanaume nje, taratibu. Usiniulize."

Najib alimtazama usoni, akafunga msahafu, akainuka, akawatoa. Randu akasimama chini ya ngazi, mahali ambapo mwanamume hakutakiwa siku ile.

"Bi Mwanasaumu!"

"Abee! Fundi, wataka nini huku kwa wanawake?"

"Njoo kidogo, mamangu."

Aliteremka vipandio vitatu, akainama. Randu akamnong'oneza yote, ya nguzo na ya boriti. Uso wa bibi ulisawijika, lakini alipanda tena, na sauti yake haikutetereka.

"Jamani, huku joto limezidi. Twashuka tukamalizie nje. Walio ukutani watulie kwanza. Washuke wa katikati, mmoja mmoja, na mwenye mtoto ampakate. Wee, wakimbilia nini? Kwani kuna mwizi?"

Wakacheka. Walishuka wakicheka, na Randu akawahesabu. Kumi. Ishirini. Mama mmoja mnene akasimama katikati ya dari akitafuta mkoba wake, na mbao zikalia chini yake.

"Mkoba n'takuletea mimi, Mwanarehema, shuka!" bibi akamwambia.

Wa mwisho kushuka alikuwa Bi Mwanasaumu, na mkoba mkononi. Dari haikuanguka. Ilibaki imebonyea katikati, na boriti ilikuwa na ufa wa kuingia kidole.

Nje, Yasini iliendelea. Bibi hakutoka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi, Bi."

"Jana n'lilala huko juu na Jalila." Jalila alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano.

"Nilijua, Bi. Nilidhani wawili tu..." Alisubiri kufukuzwa, na kusema kweli angeshukuru kufukuzwa.

"Jumatatu weka hicho chuma chako," akasema Bi Mwanasaumu. "Ukisha, mlete Kafedha mkeo na wale binti zako wawili. Mtalala darini siku saba, nyote. Ya nane n'tapanda mimi na mjukuu wangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi."

Akatoka kwenda kwa wageni wake. Randu akainua macho darini, akamwona mawazoni Kafedha amelala pale, na wale wasichana wasioacha kurukaruka kitandani hadi waambiwe mara tatu. Alikuwa ameagiza chuma kimoja. Akatoa simu, akaagiza vitatu.